Matope yana mtengenezaji, tena yana bei

Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti, video ya sekunde 90 ilianza kuzunguka mitandaoni nchini Kenya. Ilionyesha nchi ya mwaka 2020 baada ya Raila Odinga kushinda: chakula hakuna, dawa hakuna, magaidi wanatamba, makabila yanafurushwa makwao. Aliyeitengeneza hakutajwa, wala aliyeilipia. Tovuti iliyoibeba ilijiita The Real Raila, na mtu aliyeingia Google kutafuta habari za kawaida za uchaguzi aliweza kuletewa tovuti hiyo juu kabisa, kwa kuwa nafasi ilikuwa imenunuliwa kama tangazo.

Desemba mwaka huohuo, shirika la Privacy International la Uingereza lilifuata nyayo za kiufundi za tovuti ile hadi kampuni ya Harris Media, mjini Austin, Texas. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa nyuma ya tovuti nyingine ya kumsifu Uhuru Kenyatta. Duka moja, rafu mbili: huku sifa, huku hofu.

Naanza na video hiyo kwa sababu tukisema "siasa za majitaka" wengi wetu tunamfikiria mwanasiasa juu ya gari, kipaza sauti mkononi, akimtusi mwenzake mbele ya umati. Huyo anaudhi, lakini ana jina, ana uso, na ukitaka kumshtaki unajua pa kumpata. Shambulio linalodhuru zaidi ni lile lisilo na mwenyewe. Linatengenezwa na watu wanaolipwa, kwa hatua zinazojulikana, na ukizijua hatua hizo unaanza kuliona kabla halijakufikia.

Lakini kwanza tutenganishe mambo, maana yanachanganywa makusudi. Mgombea akisema mpinzani wake alikuwa waziri na mradi fulani ukapotelea mikononi mwake, akataja ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na ukurasa wake, hilo ni shambulio na ni haki yake. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, Dar es Salaam, mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania Dkt. Willibrod Slaa alisoma hadharani orodha ya watu aliowaita mafisadi. Waliotajwa walikasirika, wakasema wanachafuliwa. Iwe alikuwa sahihi kwa kila jina au la, alisimama mwenyewe, akataja tuhuma zinazoweza kuchunguzwa, akabaki pale ajibiwe. Huo ndio upande wa siasa za kushambuliana ambao nchi inauhitaji. Kila ninaposikia kiongozi akihimiza "siasa za sera, si za watu" huwa naangalia kwanza kama ana kesi mahakamani.

Upande wa pili una aina tatu: uzushi mtupu, ukweli uliopindwa, na uchochezi wa kikabila. Kila moja ina dawa yake. Kosa kubwa la ofisi nyingi za kampeni ni kuzitibu zote kwa dawa moja, yaani kuitisha wanahabari na kupiga kelele.

Twende kwenye karakana yenyewe. Septemba 2021, Wakfu wa Mozilla ulichapisha utafiti wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu biashara ya upotoshaji wa kulipwa nchini Kenya. Katika miezi miwili, Mei na Juni mwaka huo, walihesabu kampeni 11, ujumbe zaidi ya 23,000 na akaunti 3,700 hivi zilizoshiriki kwenye Twitter. Walengwa wakuu hawakuwa hata wagombea. Walikuwa majaji waliobatilisha BBI, mpango wa kubadilisha Katiba, tarehe 13 Mei, pamoja na wanaharakati walioupinga.

Kazi ilienda hivi. Mteja hazungumzi na wanaoandika. Yupo dalali katikati. Dalali ana makundi ya WhatsApp. Asubuhi anatuma hashtegi ya siku, sentensi zilizoandikwa tayari, picha au katuni, majina ya akaunti za kushambuliwa, na saa ya kuanza. Saa ikifika, wote wanaachilia kwa pamoja. Lengo la dakika za mwanzo ni kuifikisha hashtegi kwenye orodha ya mada zinazovuma, kwa sababu ikishafika hapo mtambo wenyewe unafanya kazi iliyobaki: watu halisi wanaiona, wengine wanaitumia kwa hasira wakidhani wanaipinga, na kila anayeipinga anaisukuma juu. Malipo yalikuwa kati ya dola 10 na 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku, karibu shilingi 1,100 hadi 1,600 kwa viwango vya wakati ule. Wenye akaunti zenye alama ya uthibitisho walizikodisha. Wengi wa waandishi hawakujua fedha zinatoka kwa nani, na hawakuuliza.

Kwa bei hiyo, kumchafua jaji kwa siku nzima kwa kutumia vijana hamsini kunagharimu chini ya shilingi laki moja. Tangazo la ukurasa mzima gazetini ni ghali zaidi, na gazeti litakutaka ulitie sahihi.

Kazi ya haraka huacha alama. Sentensi zinafanana neno kwa neno, mara nyingine na kosa lilelile la tahajia. Ujumbe wa kwanza mia unatoka ndani ya dakika chache. Ukifungua akaunti zenyewe unakuta jana zilisifu kampuni ya kamari, juzi zilimpongeza gavana, leo zina uchungu na mahakama. Ukitaka kupima hashtegi, usisome zile zilizo juu. Shuka hadi ujumbe wa kwanza kabisa, uangalie nani alianza na saa ngapi, kisha linganisha na wa pili na wa tatu. Piga picha za skrini zinazoonyesha saa, na uhifadhi kiungo cha kila ujumbe, maana kundi likistukiwa hufuta.

Uzushi mtupu nao una mitindo yake, na Kenya unapendwa zaidi ule wa kuvaa nguo za watu wanaoaminika. Mwishoni mwa Julai 2017 zilisambaa video mbili zenye nembo za BBC na CNN zikitoa takwimu za kura ya maoni zinazomweka Uhuru mbele. Mashirika yote mawili yalizikana. Mwaka 2022 zilikuwa kurasa za mbele za magazeti, Nation na Standard, zenye vichwa vya habari ambavyo havikuwahi kuchapwa. Mtengenezaji huchukua ukurasa halisi wa siku ile, akabadilisha kichwa kikubwa na picha, akaacha vingine. Ndiyo maana ukikagua tarehe na bei utaviona viko sawa. Angalia vitu vingine: herufi za kichwa zina unene tofauti kidogo na za kawaida, nafasi kati ya mistari haijakaa, habari ndogo zilizo chini hazina uhusiano na kichwa, jina la mwandishi halipo, au ni la mwandishi wa michezo. Kisha fungua akaunti rasmi ya gazeti ulinganishe, kazi ya nusu dakika. PesaCheck, Africa Check na Piga Firimbi hufanya ukaguzi huu kila siku wakati wa uchaguzi, na hupokea maombi ya wananchi.

Kura ya maoni ya kubuni ni rahisi zaidi kuikamata, kwa sababu sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inamtaka anayechapisha kura ya maoni ya uchaguzi aeleze nani alilipia, waliohojiwa ni wangapi, waliulizwa nini na kiwango cha makosa ni kipi. Tena inakataza kuchapisha matokeo hayo katika siku tano za mwisho. Picha ya asilimia mbili zenye rangi, bila idadi ya waliohojiwa, itupe. Ikija siku mbili kabla ya kupiga kura, haina hata haja ya kuisoma.

Kwenye WhatsApp kuna alama ya kukusaidia: mishale miwili inayoonyesha kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kupelekwa gumzo moja kwa wakati. Wasambazaji waliligundua hilo siku ya kwanza. Wananakili maandishi na kuyabandika upya, au wanapakia video tena kama mpya, na mishale inapotea. Kwa hiyo kukosekana kwa mishale si ushahidi wa chochote.

TikTok imekataza matangazo ya siasa ya kulipiwa, jambo linalosikika vizuri hadi uione hali halisi. Juni 2022 Madung alichapisha utafiti mwingine: video 130 kutoka akaunti 33, zikiwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 4, nyingi zikiwa za chuki na vitisho vya kikabila kuelekea uchaguzi wa Agosti. Hakuna hata moja iliyohitaji kuwa tangazo.

Hapa ndipo penye hatari ya kweli, na hapa tusifanye mzaha. Matusi ya kibinafsi Kenya mara nyingi ni ya kabila yaliyovalishwa mtu mmoja. Mgombea akiitwa "kihii", neno la Kikuyu kwa asiyetahiriwa, anayetukanwa ni jamii nzima ambayo haina jando. "Madoadoa" ni neno la kawaida la Kiswahili kwa alama za ngozi au nguo. Katika Bonde la Ufa miaka ya machafuko lilikuwa na maana ya watu wa kuondolewa. Ndiyo maana Januari 2022 Seneta Mithika Linturi alipolitamka katika mkutano wa Eldoret alikamatwa. Alieleza kwamba alikusudia jambo jingine na akaomba radhi. Aprili mwaka huo Tume ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa, NCIC, ikatoa orodha ya maneno ya kuchunga, na haya mawili yalikuwemo.

Orodha ina tatizo moja: mchochezi mzoefu hulikimbia neno mara linapoandikwa. Anahamia kwenye methali, kwenye wimbo, kwenye hadithi ya fisi na kondoo iliyosimuliwa kwa lugha ya mama katika redio ya eneo. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inatoa kwa kauli za chuki adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Kwenye karatasi ni kali. Mahakamani upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kwamba aliyesema alikusudia chuki ya kikabila au kwamba mazingira yaliielekea, na fumbo lililotafsiriwa na mkalimani hufika likiwa limepoa.

Kesi nyingine hufa kwa sababu ya ushahidi. Mwananchi anarekodi sekunde 20 zenye neno baya, anazipakia, zinasambaa, na wiki inayofuata hakuna mwenye kujua nani alirekodi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti cha anayeusimamia. Ukiwa mwangalizi, au kijana wa kampeni tu, rekodi hotuba nzima bila kukata. Taja kwa sauti mwanzoni mahali, tarehe na saa. Acha faili ya awali kwenye kifaa kilichorekodi. Nakala ipeleke kwingine. Usiihariri hata kuongeza sauti. Andika majina ya watu wawili waliokuwepo na walio tayari kusema hivyo mahakamani. Wakikosekana hao, kanda haitafika mbali.

Na aliyechafuliwa jina afanye nini kisheria? Tangu Februari 2017 Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kashfa imebaki shauri la madai. Una miezi 12 ya kufungua kesi, na ukweli ni kinga kamili ya aliyesema. Hukumu itakuja baada ya mtu mwingine kuapishwa, kwa hiyo kesi ni ya kulinda jina lako la baadaye. Njia ya haraka ni kamati ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya kusimamia maadili ya uchaguzi, ambayo inaweza kuonya, kutoza faini, kumzuia mtu kutumia vyombo vya habari au kufanya mikutano. Peleka malalamiko kwa maandishi pamoja na kanda, ukionyesha kipengele cha maadili kilichovunjwa. "Alinitusi" peke yake haitoshi.

Siishabikii njia hiyo kupita kiasi. Tanzania, mwanzoni mwa Oktoba 2020, kamati ya maadili ya tume ilimsimamisha Tundu Lissu, mgombea urais wa upinzani, kufanya kampeni kwa siku saba kwa sababu ya maneno ya jukwaani, wakati uchaguzi wa tarehe 28 ulikuwa unakaribia. Kanuni ya kuzuia matusi, mikononi mwa tume isiyoaminiwa na pande zote, inageuka rungu la upande mmoja.

Sasa kwa mwaniaji mdogo, mwakilishi wadi au mbunge, asiye na kampuni kama ile ya Texas. Kazi ya kwanza hufanywa miezi sita kabla: jichunguze kama adui. Mpe mtu asiyekuogopa faili lako: vyeti vya shule, kesi zilizofungwa na zilizo hai, madeni, hati za ardhi, mikataba na serikali ya kaunti, kila ulichoandika mitandaoni tangu ufungue akaunti, masuala ya watoto na matunzo. Kila doa liandikiwe jibu la sentensi tatu na hati ya kulithibitisha, liwekwe tayari. Mwaniaji anayemficha mkuu wake wa kampeni jambo analolijua mpinzani ameshapoteza siku tatu, na siku tatu za Julai ni nyingi.

Shambulio likija, swali la kwanza ni limefika wapi. Kama liko ndani ya makundi ya wapinzani wako tu, liache huko, ukilijibu unalitangaza. Likishasikika kwa bodaboda, kwa mama wa sokoni au redioni, jibu siku hiyohiyo, kupitia njia ileile lilikopita. Uzushi uliosambaa kwa sauti ya WhatsApp kwa Kikamba haujibiwi kwa taarifa ya kurasa mbili kwa Kiingereza. Anayejibu awe mmoja. Wapambe watano wakijibu mara tano, mpinzani atachagua jibu bovu kuliko yote na kulifanya kuwa ndilo lako.

Anza na ukweli, utaje uongo mara moja kwa ufupi, umalize na hati. Kichwa cha habari kisiwe na tuhuma. Ukiandika "Sikuiba fedha za basari", kinachobaki kichwani mwa msomaji ni wewe, fedha na basari. Andika "Basari za wadi: orodha ya waliolipiwa hii hapa", ubandike orodha.

Kama tuhuma ni ya kweli, usiikane. Kubali kiasi kilicho kweli na useme umefanya nini baadaye. Wapiga kura husamehe mengi kuliko washauri wanavyodhani. Mwaka 2022 shahada ya Johnson Sakaja kutoka Chuo Kikuu cha Team cha Uganda ilizua vita ya miezi: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilifuta utambuzi wake Juni, kamati ya IEBC ikatupa malalamiko dhidi yake, na Agosti akachaguliwa gavana wa Nairobi. Mashambulizi yaliyojaa makaratasi hayawagusi watu kama hawaoni yanahusu vipi maji na barabara zao.

Wapo wanaoligeuza shambulio likawa mtaji. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto waligombea wakiwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Mwanadiplomasia wa Marekani Johnnie Carson alipoonya kwamba chaguo la wapiga kura lingekuwa na matokeo yake, kampeni ya muungano wao wa Jubilee ililichukua onyo hilo kama zawadi. Hoja ikahama kutoka kwa waliotuhumiwa hadi kwa wageni wanaotuchagulia rais, na Uhuru akapita kwa asilimia 50.07. Tanzania 2015, minong'ono kuhusu afya ya mgombea urais Edward Lowassa ilipozagaa, mpinzani wake John Magufuli alipiga pushapu jukwaani. Hakumtaja mtu. Kama shambulio, lilikuwa limesukwa kwa ustadi, na halikuvunja kanuni hata moja.

Swali la nani analipa bado halina jibu la kisheria Kenya. Sheria ya fedha za kampeni ilipitishwa 2013, ikasimamishwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2017, na mwaka 2021 Bunge likazikataa kanuni za IEBC za kuitekeleza. Machi 2018 Mark Turnbull wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kampeni, alinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 akijigamba kwamba walikifanyia chama cha Kenyatta sura mpya mara mbili, wakamwandikia ilani na hotuba. Kwa kila kilicholipwa, mwananchi hana rejista ya kufungua. Kilichopo ni Maktaba ya Matangazo ya Meta: andika jina la mwaniaji, chagua Kenya na siasa, na utaona aliyetajwa kuwa mlipaji, kiasi kwa makadirio, na tarehe. Usiitegemee kukuchujia. Julai 2022 Global Witness na Foxglove walijaribu kuipelekea Facebook matangazo ya chuki kwa Kiswahili na Kiingereza. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Baadhi ya yale ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa sababu ya sarufi na lugha chafu, yakasahihishwa sarufi, yakapita.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kampeni hufungwa saa 48 kabla, na kwa muda huo mgombea hawezi kufanya mkutano wa kujibu, wakati WhatsApp haifungwi. Uzushi wa saa hizo unajulikana: fulani amejiondoa na kumuunga mkono mwenzake, fulani amelazwa, jina lake limeondolewa kwenye karatasi ya kura. Ofisi iliyojipanga huwa imewaambia maajenti wake mapema, kwa sauti ya mgombea mwenyewe, kwamba taarifa ya kujiondoa haitatoka popote isipokuwa namba moja wanayoijua. Namba hiyo iwe na mtu wa kuipokea usiku kucha, na simu ya pili yenye chaji.